Benzi ya Usukani wa Kushoto

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maegesho ya magari katikati ya Nakuru hujaa hadi watu wakatukanana kwa honi. Siku hiyo foleni ya kutoka ilikuwa imesimama kabisa. Mbele, kwenye kizuizi, Benzi kuukuu ya rangi ya maziwa, yenye namba za kigeni, ilikuwa imekwama, na magari ya nyuma yalikuwa yakilia kama kundi la mabata.

Mashine ya kumeza tikiti ilikuwa upande wa kulia, na usukani wa ile Benzi ulikuwa kushoto. Mwenye gari, msichana mwenye gauni la kitenge cha njano na zambarau, alikuwa amejilaza juu ya kiti cha abiria, mkono nje ya dirisha, tikiti ikitetemeka hewani karibu kabisa na tundu lake, lakini haifiki.

Kipkemei alikuwa anapita kwa miguu, mfuko wa unga mkononi. Alikuwa kijana mrefu, muuzaji katika duka la pampu za maji, na shati lake la kazi lilikuwa bado na jina la duka kifuani.

"Dada, lete nikusaidie."

"Aksante, kaka. Huu mkono Mungu aliupima akiwa na haraka."

Kipkemei akatumbukiza tikiti. Chuma kikainuka. Dereva wa nyuma akatoa kichwa dirishani: "Mathe, songa basi!"

Yule msichana hakusonga. "Kuna geti lingine mbele?"

"Liko, la kuingia barabarani. Kuna askari anachukua kadi."

"Upande gani?"

"Huu huu wa kulia."

"Basi panda, tafadhali. La sivyo hawa watanila nyama."

Kipkemei akakimbia hadi mlango wa kushoto, kama mtu yeyote wa Kenya anayeenda kukaa kando ya dereva, akaufungua, akakutana na magoti ya kitenge na raba nyeupe juu ya kanyagio.

"Huku ni kwangu," msichana akasema, akicheka. "Ama unataka kuendesha?"

Akazunguka, uso ukiwaka. Ndani ya gari mlinukia kahawa, maana kiti cha nyuma kilijaa vifuko vya karatasi. Kwenye kioo cha mbele alining'inia ng'ombe mdogo wa mbao, mwenye pembe ndefu.

Anaitwa Kaneza, akasema. Kwao ni Bujumbura, Burundi. Ni muonja kahawa. Kampuni moja ya kununua kahawa ilimleta Nakuru, na kila wiki huzunguka Solai, Subukia na Bahati kuchukua sampuli kwa wakulima.

"Kazi yako ni kunywa kahawa?"

"Kuonja na kutema."

"Yaani unalipwa kutema?"

"Nisipotema silali, kaka. Haya, huo ni mzunguko. Nikumbushe, maana kwetu tunashika kulia."

"Shika kushoto. Kushoto, dada. Kushoto! Eee, hivyo hivyo."

Alipomfikisha Kipkemei kwake, mtaa wa Section 58, mlinzi wa lango la ploti alimwona Kipkemei kwenye dirisha la kulia, mahali anapokaa dereva, akapiga saluti. "Boss! Leo umetuacha. Benzi!"

Kipkemei akainua mkono, akatabasamu, asiseme neno. Kaneza alikuwa anahangaika na gia ya kurudi nyuma, hakusikia.

"Nipe namba yako," akamwambia Kipkemei alipokuwa anashuka. "Kwa ajili ya mageti."

"Mageti yote ya Nakuru?"

"Tuanze na hayo."

*

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Kaneza alikuwa akipiga saa za chakula cha mchana, wakati Kipkemei amekaa nyuma ya duka juu ya tangi lililopinduliwa.

"Niko Bahati. Kuna geti."

"Geti kweli?"

"Hapana. Lakini ningependa liwepo."

"Jumapili nitakuja kulifungua."

"Wewe, sheri, una maneno matamu kuliko kahawa ya Solai. Na ile naipa alama nyingi."

Alimwita sheri, kama wanavyoitana kwao. Kipkemei alimwita Muonja. Alimcheka kwa Kiswahili chake cha kitabuni, naye Kaneza alimcheka kwa cha Nakuru: "Eti 'kakitu kadogo'! Nani aliwafundisha kuita kitu kakitu?"

Jumapili walitoka pamoja. Na hapo Kipkemei aligundua kuwa kukaa kulia katika gari lile si kukaa bure. Wakifuata lori kwenye barabara kuu ya kwenda Salgaa, Kaneza alikuwa haoni kitu mbele ila matope ya matairi. Aliyeona ni Kipkemei.

"Sasa?"

"Bado. Kuna basi. Bado… bado… twende!"

Naye Kaneza alikanyaga mafuta bila kuuliza mara ya pili. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini Kipkemei kiasi hicho.

Siku moja polisi waliwasimamisha karibu na Salgaa. Afisa akaja moja kwa moja dirisha la kulia, akanyoosha mkono. "Leseni, boss."

"Mimi si dereva, afande."

"Wacha mchezo. Toa leseni."

"Afande, usukani uko wapi?"

Afisa akainama, akatafuta usukani mbele ya Kipkemei, akakosa, akacheka mwenyewe hadi kofia ikasogea. Akazunguka upande wa Kaneza, akatazama kibali cha gari na leseni yake ya Burundi. "Safari njema, madam. Lakini hiki kibali kinaelekea kuisha, umeona?"

"Nimeona, afande."

Walipokwenda mbele, Kipkemei akauliza kikiisha itakuwaje.

"Gari la kigeni halikai kwenu milele. Na la usukani wa kushoto halipewi namba za Kenya. Litarudi nyumbani."

"Na mwenye gari?"

"Mwenye gari ana kibali chake cha kazi. Hicho bado."

"Basi gari liende, mwenyewe abaki."

Kaneza akamtupia jicho la pembeni, lililojaa kicheko. "Angalia mbele, bwana. Wewe ndiye macho yangu huko."

Wakapanga Krismasi waende wote Bujumbura. Kipkemei akaenda kuomba pasipoti, ya kwanza maishani mwake.

*

Kabla ya hiyo Krismasi, Kipkemei alimpeleka Kaneza kwao Keringet, huko juu baada ya Molo, penye viazi, ng'ombe wa maziwa na ukungu unaokaa mabondeni hadi saa nne. Mama yake, Jebet, alikuwa mjane. Alimsomesha Kipkemei hadi chuo kikuu kwa maziwa ya ng'ombe, na kwa muda mrefu majirani walikuwa wakimwuliza, kwa sauti ya huruma isiyo ya kweli, kama yule kijana wake wa digrii bado anapanda magari ya watu. Rika lake Kiptum, aliyeacha shule mapema, alikuwa tayari na gari lake, Probox.

Benzi ilipochomoza kutoka kwenye ukungu, watu waliona kitu kimoja tu: Kipkemei, upande wa kulia, ndani ya Benzi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Watu wakatoka mashambani na majembe. Jebet akaja mbio akijifuta mikono kwenye leso, akamkumbatia mwanawe kabla hajashuka vizuri, akisema maneno mengi kwa Kikalenjin, machozi yakimtoka. Maneno yale yalikuwa haya: "Mwanangu, umenitoa aibu. Sasa watafunga midomo."

Kipkemei akafungua kinywa. Akamtazama mama yake. Akamtazama Kiptum, aliyekuwa amesimama kando na mikono mfukoni, akilikagua gari kwa wivu. Akafunga kinywa.

Kaneza alishuka upande wake, akamwendea Jebet, akampa mikono yote miwili. "Amashyo, mama!"

"Anasema nini?" Jebet akamwuliza Kipkemei.

"Ni salamu ya kwao. Anakuombea makundi ya ng'ombe."

"Ng'ombe!" Jebet akashika mashavu. "Na mtu anajibu nini?"

"Amashongore," Kaneza akasema. "Yaani yawe majike, yazae."

Jebet akalijaribu lile neno hadi likakaa vizuri ulimini. Msichana anayesalimia kwa ng'ombe! Akampenda pale pale. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani, akalizunguka gari akilinyunyizia, bamba, milango, matairi, huku wazee wakiitikia kwa sauti moja. Matone meupe yaliteremka juu ya rangi ya maziwa.

Kaneza alisimama na mikono kifuani, machozi yakimtiririka. "Aksante," alikuwa akisema kwa kila mtu. "Aksante sana." Kipkemei akampa kitambaa. Hakumwambia watu wanasema nini.

Njiani kurudi alijiambia ataeleza. Wiki iliyofuata. Halafu dada yake, Chepngeno, akapanga harusi, na kamati ikaamua bila kumwuliza mtu kwamba bibi harusi atabebwa na Benzi ya kaka yake. Kipkemei alipopigiwa simu kuelezwa, alisema, "Sawa, tutaona." Alitafuta namna ya kumwomba Kaneza gari bila kusema limeombwa kwa jina la nani. Hakuipata.

*

Kaneza alikuja dukani saa saba mchana, siku ya kazi. Hakupiga honi. Kipkemei alimwona kupitia kioo, akatoka akitabasamu, akaingia upande wake.

"Usifunge mlango," Kaneza akasema. "Hutakaa sana."

Alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, na macho yake hayakumtazama.

"Chepngeno amenipigia."

"Ah! Bibi harusi anasemaje?"

"Anasema nikukumbushe uoshe Benzi yako."

Ndani ya duka, mtu alikuwa anajaribu pampu, na maji yalikuwa yakipiga pipa kwa kishindo. Kipkemei aliyasikiliza maji yale kama mtu anayengoja yamwokoe.

"Anasema pia unifundishe kuendesha," Kaneza akaendelea. "Eti mwanaume mwenye Benzi, si vizuri bibi yake aonekane kwa boda."

"Kaneza, nisikize. Mimi sikusema ni yangu. Hata mara moja sikusema."

"Najua. Ulinyamaza kwa Kikalenjin."

Kipkemei akainamisha kichwa.

"Walipolinyunyizia maziwa nililia, uliniona. Ulinipa kitambaa! Nilidhani wananipokea. Nilidhani wanambariki baba yangu bila kumjua. Kumbe wanakupongeza wewe kwa kununua gari, na mimi nimesimama pale nasema aksante, aksante, kama mwenda wazimu."

"Mama alikuwa na furaha. Sikuweza kumvunja mbele ya watu."

"Baba yangu alikuwa dereva wa mabosi maisha yake yote. Magari mazuri kupita hili, leo moja, kesho jingine. Watu mtaani wakimwambia, 'Mzee, umeukata!' alikuwa anacheka anasema, 'Si langu, ni la bosi, mimi nashika tu usukani.' Alikuwa anasema mbele yetu, watoto wake. Hakuona aibu. Alipozeeka, akanunua hili. Yeye mwenyewe. Alipofariki, kaka zangu walitaka kuliuza, mama akanipa mimi ufunguo. Wewe umelichukua kwa dakika moja, kwa kutabasamu tu."

"Nisamehe."

"Kibali cha gari kinaisha. Nitalirudisha nyumbani. Na kuna kampuni huko kwetu, Kayanza, inanitaka. Nilikuwa nimewaambia hapana, kwa ajili yako." Akawasha injini. "Sasa nitawapigia tena."

"Unaniacha, Muonja?"

"Shuka, Kipkemei. Kuna kahawa inanisubiri."

*

Alipiga simu, haikushikwa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukanyamaziwa. Alikwenda Milimani, kwenye nyumba ndogo aliyopanga Kaneza nyuma ya uwanja wa mtu. Alikuta lango limefungwa na Benzi haipo, ila alama ya mafuta kwenye changarawe.

Kipruto, mwenzake dukani, alimwonea huruma. "Mazee, sikiza. Tukodishe Benzi nyingine. Ya rangi hiyo hiyo. Wazee wa Keringet watajua tofauti gani?"

"Usukani utakuwa kulia."

"Si ndio vizuri? Sasa utaendesha kweli."

Kipkemei alilifikiria jambo hilo hadi jioni, na ni kweli kwamba lilimvutia. Aliona kila kitu: riboni, vigelegele, mama yake kwenye kiti cha nyuma. Lakini kila alipojiona kwenye usukani, hakujua atamtazama nani pembeni. Jumamosi akapanda gari la abiria, akaenda kwao.

Alimkuta Jebet akikama. Akachuchumaa karibu naye kwenye matope ya zizi, na viatu vyake vya mjini, akamweleza yote. Jebet hakuacha kukama. Maziwa yaliendelea kupiga ndoo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi Kipkemei akafika mwisho wa maneno.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, mama."

"Basi bado hujasema." Akasimama na ndoo. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Nimenyunyizia maziwa gari ya mtoto wa watu, mgeni wangu, na sikumwuliza hata ruhusa. Nikamfanya asimame pale kama mtu wa kuomba lifti. Wewe ulinifanya hivyo."

Alasiri kamati ya harusi ilikutana chini ya hema la plastiki, wazee kwenye viti, wanawake kwenye nyasi, chai ikizunguka. Ilipofika habari ya magari, Kipkemei akasimama.

"Kuna kitu nataka kurekebisha. Ile Benzi si yangu. Ni ya Kaneza, aliachiwa na baba yake. Yeye ndiye dereva. Mimi nilikuwa abiria. Mlinipigia vigelegele nikanyamaza, na nilikuwa najua. Naomba msamaha."

Kiptum akapasua kicheko. "Kumbe wewe ni konda!"

Hema zima likacheka. Wazee walicheka hadi chai ikamwagika. Kipkemei alisimama akacheka nao kidogo, kicheko cha uchungu, na cha ajabu ni kwamba kilipoisha alikuwa bado hai. Chepngeno alikuwa amefunika uso kwa leso.

"Na bibi harusi atabebwa na nini?" mjomba mmoja akauliza.

Kiptum akajikuna kidevu. "Probox iko," akasema, taratibu, bila mzaha safari hii. "Nitaiosha vizuri."

*

Jumapili baada ya kanisa, simu ya Kaneza ililia. Namba hakuijua.

"Amashyo!" sauti ya mwanamke ikapiga kelele, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Kaneza akakaa kitandani. Nguo zake zilikuwa nusu sandukuni. "Amashongore, mama."

"Ni mimi Jebet. Mama ya huyo kijana. Kiswahili yangu ni kidogo, wewe vumilia. Mimi niliwekea gari yako maziwa na sikuuliza wewe. Hiyo ilikuwa makosa."

"Mama, wewe hukujua."

"Hata kama. Sasa sikiza. Hiyo baraka, mimi niliombea mwenye gari. Nilisema, Mungu, linda huyu mwenye gari, mpe njia mzuri, mpe nyumba. Sasa mwenye gari ni nani?"

Kaneza akatazama ufunguo wa Benzi juu ya meza.

"Ni wewe," Jebet akasema. "Mungu si ni mtu wa kujua? Maziwa ilienda kwako. Huyo Kipkemei alilowa tu kidogo sababu alikuwa karibu."

Kaneza akacheka, na ndani ya kicheko akajikuta analia.

"Amesema mbele ya watu wote," Jebet akaongeza, sauti ikashuka. "Walimcheka sana. Mimi sikuambii umrudie. Hiyo ni yako na yeye. Mimi nakuambia harusi ni Jumamosi, na nyumba yangu inajua wewe. Kuja ukule."

*

Jumamosi, Probox ya Kiptum ilikuwa imesimama mbele ya nyumba na riboni nyekundu, ikimetameta kama sufuria mpya. Chepngeno alikuwa bado anavishwa. Kipkemei, kwenye suti ya kijivu na koti begani, alikuwa anabeba kreti za soda kutoka barabarani.

Alisikia injini kabla hajaona gari. Kreti ikabaki mikononi mwake.

Benzi ilipanda polepole kutoka kwenye ukungu na kusimama kando ya Probox. Mlango wa kushoto ukafunguka. Kaneza akashuka na vazi la kwao, imvutano: kitambaa chepesi cha rangi ya waridi, kimezungushwa kwapani na kingine kutupwa begani, chenye kung'aa kila alipovuta hatua, na viatu vya kuchuchumia vilivyozama kwenye matope ya Keringet. Wanawake wakanyamaza kwanza, wamtazame vizuri. Kisha Jebet akaanza kigelegele, na wote wakampokea.

"Nani bibi harusi?" Kaneza akauliza kwa sauti. "Nimetoka Nakuru peke yangu, nyuma ya malori, sioni mbele. Asiniambie sasa anapanda Probox!"

Kiptum akainua mikono. "Mimi nitabeba wazee. Wazee hawachagui."

Baada ya kanisa, na baada ya nyama, Kaneza alimtafuta Kipkemei nyuma ya hema, akamkuta anaosha glasi kwenye beseni.

"Nilisikia ulisema."

"Nilisema."

"Ulitetemeka?"

"Magoti. Yalikuwa yanagongana kama sahani."

"Vizuri." Akachukua kitambaa, akaanza kufuta glasi. "Nilikuja kwa ajili ya mama yako na dada yako. Wewe bado nakuangalia."

"Niangalie. Mimi siendi popote."

"Huendi?" Akainua glasi kwenye mwanga, akaitazama kama anavyotazama kahawa. "Hiyo ni shida, kwa sababu Jumanne mimi naenda. Kibali kinaisha. Napita Kericho, Kisii, Isebania mpakani, halafu Tanzania yote hadi kwetu. Kutoka hapa hadi Isebania ni malori matupu, na sina macho upande wa kulia."

Kipkemei akaweka glasi chini taratibu, kwa kuogopa kuivunja. "Hadi Isebania tu?"

"Pasipoti ilitoka?"

"Ilitoka."

"Basi tutaona Isebania."

"Na ile kampuni ya Kayanza?"

"Sijawapigia. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika, nikaiweka." Akamrushia kitambaa. "Nitaacha gari kwa mama, alitumie kwenda kanisani. Nitarudi na basi. Halafu nitanunua kagari kadogo hapa Nakuru, kenye usukani kulia, kwa jina langu. Umesikia? Langu."

"Umesema kagari."

"Mmeniharibu."

*

Waliondoka Nakuru Jumanne asubuhi, jua likipiga mlima Menengai. Kericho chai ilikuwa imelala kijani vilima vyote. Karibu na Kisii walikwama nyuma ya lori la ndizi lililopanda mlima kwa kuugua, na Kipkemei, ambaye tangu Kericho alikuwa akipanga maneno kichwani, akasema:

"Kaneza. Nikifika kwa mama yako, sitaki kuwa rafiki aliyekusindikiza. Nataka nimwombe akupe wewe uwe mke wangu. Lakini siwezi kumwomba yeye kabla yako. Utanikubali?"

Kaneza alikaza macho kwenye lile lori.

"Barabara ikoje?"

"Nini?"

"Huko mbele, sheri. Barabara ikoje?"

"Kuna pikipiki… bado… haya, twende."

Akalipita lori. Hakusema lolote. Walifika Kisii mjini, hakusema lolote. Walinunua karanga Migori, akamenya, akampa nyingine kiganjani, akaimba kidogo kwa Kirundi, hakusema lolote. Kipkemei alitazama nje ya dirisha miwa ikipita, akijifunza kuwa mtu aliyekataliwa kwa upole.

Isebania palikuwa na foleni, wabadilishaji pesa, mama wa chapati na vumbi jekundu. Walimaliza mambo ya gari upande wa Kenya, wakasogea kwenye dirisha la Tanzania. Afisa mwanamke, mwenye miwani na hijabu safi, akachukua pasipoti ya Kipkemei, akaipekua. Kurasa zote zilikuwa nyeupe.

"Karibuni sana. Mnasafiri pamoja?"

"Ndiyo," wakajibu kwa pamoja.

"Mnapita tu kwenda Burundi?"

"Tunapita, dada," Kaneza akasema. "Nyumbani kwetu."

Afisa akawatazama juu ya miwani, mmoja baada ya mwingine. "Na huyu bwana ni nani wako?"

Kipkemei akafungua kinywa. "Mimi ni—"

"Ni mchumba wangu," Kaneza akasema. "Nampeleka kwa mama."

Muhuri ulikuwa tayari juu, ukabaki hewani. Afisa akamwona Kipkemei alivyoganda. "Mbona kama yeye hajui?"

"Hakuwa anajua. Ndiyo anasikia sasa hivi, pamoja na wewe."

Afisa akacheka, akapiga muhuri kwa nguvu kwenye ule ukurasa mweupe. "Hongera, kaka. Haya, chukua pasipoti yako. Kaka? Pasipoti."

Kipkemei aliichukua bila kuitazama. "Kaneza, umesema nini?"

"Umesikia."

"Rudia."

"Kipkemei, nyuma yetu kuna watu."

"Rudia tu."

Kaneza akamshika mkono, pale pale mbele ya foleni nzima, na mama wa chapati akaacha kugeuza chapati yake ili asikie vizuri.

"Nimesema ndiyo," akasema. "Nilisema tangu Kisii, ila nilikuwa naendesha."